Mshindi Ndiye Huchemsha Chai

Siku tisa baada ya kumzika Langat, mjane wake alinipigia simu akaniomba nipite Rongai nichukue kitu. Nilidhani ni mambo ya kamati ya mazishi, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na mazishi yale yalienda vizuri kuliko mengi niliyohudhuria. Nilimkuta Mama Faith sebuleni, na juu ya meza ameweka madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Niliyatambua kabla sijakaa. "Shemeji, hizi ni zenu," akasema. "Hizi herufi na namba sielewi. Lakini kuna maneno naelewa." Akafungua daftari la tatu, mahali ambapo mgongo ulikuwa umelegea kwa kufunguliwa mara nyingi, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa. "Hapa ameandika, chai haikuchemshwa. Huu ukurasa alikuwa anaufungua hata hospitalini. Mimi nimemchemshia huyu mtu chai miaka ishirini na sita, asubuhi na jioni. Ni chai gani hiyo haikuchemshwa?" Nikamwambia nitaangalia. "Angalia," akasema, "halafu uniambie. Na usiniletee maneno ya kunituliza. Hayo nimepewa ya kutosha."

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Nakuru nzima wananiita Engineer, na ingawa karatasi yangu inasema diploma ya mitambo ya baridi, sijaona sababu ya kumsahihisha mtu. Diploma hiyo ilinipeleka Uarabuni, nikafunga na kutengeneza vyumba vya baridi katika nchi mbili kwa miaka kumi na tisa, katika joto ambalo hapa kwetu hatuna jina lake. Nikarudi na afya yangu, nikajenga nyumba ya ghorofa upande wa Lanet ambayo watu wa bodaboda huitumia kuelekezana njia. Maua ya kule Kamere, kando ya ziwa Naivasha, mengi hulala katika baridi niliyoifunga kwa mikono hii kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Nimejijenga mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Sentensi hiyo nimeisema kwenye harusi, kwenye harambee, na mbele ya wanafunzi waliopigishwa mstari juani ili wanisikilize. Naiandika hapa mara moja, ili msomaji aijue, maana ndiyo nitakayohangaika nayo katika sura hii.

Ya wazazi wangu na mahali nilipozaliwa nayaacha. Mwaka ninaotaka kuuandika ulianza tulipomaliza fomu foo, mimi na Langat, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru. Ploti ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, bomba moja katikati, na vumbi lile jeupe la Rhonda ambalo huingia hadi ndani ya chumvi. Kitanda kilikuwa kimoja, tukipokezana wiki kwa wiki. Asiye na kitanda alikuwa na godoro jembamba na nafasi iliyobaki kati ya meza na mlango. Juu ya meza kulikuwa na jiko la mafuta taa, sufuria mbili, na ubao wa chesi tuliouchora kwa makaa na kalamu kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Kete tulipewa na mwalimu mmoja wa shule yetu alipohamishwa. Ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, na mahali pake tulisimamisha betri ya redio iliyokufa. Hadi leo nikiona betri ndogo imesimama wima juu ya meza, mkono wangu unataka kuisukuma mbele kwa mstari ulionyooka.

Mchana tulitafuta vibarua, mara nyingi tukakosa. Kuanzia saa kumi jioni tulicheza. Ukuta wa mabati ulitupa majirani kama redio isiyozimwa. Upande wa kushoto aliishi fundi wa nguo na mkewe, na siku moja tulimsikia mke akiuliza, "Hao vijana wamegombana? Kumenyamaza sana." Fundi akamjibu, "Hawajagombana. Wanafikiri." Mke akauliza tena, "Wanafikiri nini masaa mawili na hawana hata unga?" Langat alicheka hadi akagonga ubao na ikabidi tusimamishe kete upya kutoka kwenye daftari lake, kwa kuwa yeye aliandika kila hatua, na mimi nilikuwa nimesahau kuandika tatu za mwisho. Mama Wambo, aliyekaanga mandazi langoni mwa ploti, alitupitia kila siku akielekea bombani. "Fomu foo mbili ndani ya chumba kimoja," alisema, "na kazi hakuna hata nusu." Halafu alituachia mandazi mawili yaliyoungua.

Langat ndiye aliyeleta sheria za daftari. Alisema mtu anayecheza bila kuandika maelezo ya michezo yake ni kama mtu anayeoga bila kuvua nguo. Sheria zilikuwa chache. Mchezo ukiisha, kabla hamjasemezana neno, kila mmoja aandike kwa kalamu ya bluu alichokuwa akifikiri alipofanya kila hatua, hata kama kilikuwa upumbavu. Jumapili, baada ya kanisa, uurudie mchezo peke yako na uandike kwa kalamu nyekundu ulivyokuwa ukweli. Hatua mbaya uiwekee alama ya kuuliza. Utaeleza hatua zako tu. Za mwenzako utazinakili bila maelezo, kwa sababu hukuwa ndani ya kichwa chake, na upande wake wa ukurasa unabaki mweupe. Daftari la mtu ni kama sahani yake, huchungulii. Na sheria ya mwisho, ambayo ndiyo iliyotufanya tuishi kwa amani: aliyeshindwa anakaa na kuandika, mshindi anachemsha chai na kumwekea mbele yake. Niliuliza kwa nini mshindi ndiye afanye kazi. "Mshindi akikaa bure atajisifu," Langat akasema. "Na wewe ninavyokujua, ukishinda ukikosa kitu cha kushika mkononi, tutalala njaa tukisikiliza hotuba."

Nikiyasoma madaftari yangu ya mwaka ule, ambayo nimeyahifadhi kwenye sanduku la chuma pamoja na hati ya shamba, naona aibu ambayo sikuiona wakati huo. Kalamu yangu ya bluu ilidanganya. Niliposhinda kwa bahati niliandika, "Nililiona hili tangu hatua ya saba." Niliposhindwa niliandika kwamba mke wa fundi alikuwa akipiga kelele, au kwamba ile betri ilinichanganya. Jumapili niligeuza kurasa upesi nikatia nyekundu mahali pawili patatu. Langat hakuwahi kuligusa daftari langu, lakini alikuwa na macho. Jumapili moja aliinua kalamu yake nyekundu akaiangalia kwenye mwanga wa mlango. "Hii ni ya tatu inaisha," akasema. "Yako bado inang'aa kama ya duka. Dunga, wewe hukosei?" Jina langu ni Ndung'u, Dunga aliniita yeye tu. Nikamjibu, "Nikikosea utasikia." Akasema, "Sawa. Nangoja." Mwanzo wa mwaka nilikuwa nikimshinda michezo saba kati ya kumi. Kufikia mwezi wa sita tulikuwa sawa, na kufikia mvua za mwisho ni mimi niliyekuwa nikiletewa chai.

Wakati huo ndipo alipojitokeza Bwana Odhiambo, mtu wa michezo katika kampuni moja ya kusaga unga mjini. Alitukuta tukicheza kwenye ukumbi wa kanisa, akasimama nyuma yetu mchezo mzima mikono mgongoni. Kampuni za siku zile zilishindana kwa michezo, na timu yake ya chesi ilikosa mtu wa nne. Alitueleza wazi: kampuni itaajiri mmoja, itampa kazi ya stoo, na baada ya miezi sita itamlipia diploma katika chuo atakachokubaliwa. "Mmoja," akarudia, "si wawili. Mimi sina meno ya kuomba wawili. Chezeni michezo sita. Mitano chezeni kwenu, mniletee karatasi. Wa sita mtacheza mbele yangu kantini, Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Tulirudi Rhonda kwa miguu. Tulipofika, Langat akasema, "Yeyote atakayepata, mwingine asinune." Tukapeana mikono juu ya ubao. Alijua anachotaka kusomea. Kwao Rongai maziwa yalikuwa yakichachia kando ya barabara yakingoja lori, na jioni nyingi nilikuwa nimemsikia akieleza, sufuria ikichemka, namna chumba kimoja cha baridi pale njiapanda kingebadilisha maisha ya watu. Mimi sikujua ninachotaka kusomea. Nilitaka tu nisiwe yule atakayebaki Rhonda.

Baada ya michezo mitano tulikuwa sawa: mimi miwili, yeye miwili, mmoja sare. Jumapili ya mwisho kabla ya Jumamosi yenyewe, Langat alienda kwao kusaidia kuvuna mahindi. Aliacha daftari lake chini ya mto, mahali lilipokaa siku zote. Nilikuwa nimekaa kitandani nikila mandazi ya Mama Wambo, na mkono wangu ulienda pale kama unavyoenda kwenye kidonda. Nilijiambia ukurasa mmoja. Nilisoma hadi mwanga wa mlangoni ukageuka rangi. Kitu cha kwanza nilichokitafuta, na hili ninaliandika kwa sababu ameniachia daftari lake, ni jina langu. Nilitaka kuona ameniandika vipi, kwamba mimi ni hatari, kwamba mimi nina kipaji. Jina langu halikuwepo mahali popote. Upande wangu wa kila ukurasa ulikuwa mweupe, kwa sheria. Upande wake ulijaa bluu na nyekundu, na nyekundu ilikuwa ya mtu anayejivua nguo mbele ya daktari. "Hapa niliogopa." "Hapa nilijua lakini nilitaka kuonekana jasiri." Na kwenye ukurasa wa thelathini na moja: "Siwezi kuacha askari wa bure. Nikimwona hana mlinzi nahesabu mara mbili, naona mtego, halafu bado namla. Kwetu chakula hakiachwi mezani. Nisipojitibu hili, yeyote atakayelijua atanimaliza."

Nililirudisha daftari chini ya mto, upande uleule, nikapangusa mikono kwenye suruali. Langat alirudi Jumatatu na gunia la mahindi mabichi, tukachemsha, tukala tukicheka. Wiki ile yote alikuwa mkimya kidogo, nikafikiri ni uchovu wa shamba.

Jumamosi kantini ilinuka nyama na sabuni ya kudekia. Bwana Odhiambo alikaa kichwani mwa meza na saa yake ya mkono mbele yake, wafanyakazi watano sita wakasimama na vikombe. Nilikuwa na kete nyeupe. Kwa hatua kumi nilicheza kama siku zote, halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya mwaka mzima: nikamwacha askari wangu wa safu ya pili, yule wa mraba wa b2, bila mlinzi, na malkia wa Langat akimtazama moja kwa moja. Mimi katika chesi ni mtu wa kufunga milango. Hata mtazamaji mmoja alinong'ona, "Huyo amesahau yule mdogo." Langat aliinama juu ya ubao. Nilimwona akihesabu mara ya kwanza. Nilimwona akihesabu mara ya pili. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi, si ubao, muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayekutazama ukiwa umelala. Akashika malkia akala.

Sasa hapo, na hili ndilo limenikosesha usingizi siku hizi, mchezo haukuwa umekwisha. Nilikuwa na hatua tatu za kuchagua. Ningeweza kucheza hatua ya kawaida, malkia wake arudi nyumbani na askari mmoja mdomoni, na tuendelee kupambana kama watu wawili. Ningeweza hata kuomba sare. Nikamshika farasi wangu nikampeleka pembeni, a4, na mlango ukafungwa. Malkia hakuwa na pa kutokea. Langat alicheza hatua nyingine tano kwa heshima, akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu. Bwana Odhiambo alinipiga bega. "Huyu ana sumu," akawaambia wenzake. "Njoo, kijana. Kuna nyama huko nyuma, na kuna fomu ya kujaza." Langat alikuwa tayari amefungua daftari na kutoa kalamu ya bluu. Nikamwambia, "Tutaonana nyumbani." Akasema, "Sawa, Dunga." Alikuwa amekaa peke yake kwenye ile meza ndefu, ukurasa mbele yake, na nafasi kidogo kando ya daftari, upande wa kulia, ambapo kikombe huwekwa.

Kwenye fomu kulikuwa na mstari: unataka kusomea nini. Bwana Odhiambo alikuwa akitafuna, kalamu yangu ikasimama. "Andika tu," akasema, "usiogope." Nikaandika mitambo ya baridi. Nilikuwa nimesikia habari zake kila jioni mwaka mzima, na maneno yalikuja yenyewe hata nikaeleza kuhusu maziwa yanayochacha kando ya barabara. "Una akili," Bwana Odhiambo akasema. Nilirudi Rhonda siku ya pili mchana, maana ndugu mmoja wa timu alinikaribisha kwake. Nilikuta chumba kimefagiliwa. Langat alikuwa amechukua nguo zake na madaftari, ameacha ubao, kete zote na ile betri. Jiko lilikuwa limejazwa mafuta. Sufuria ilikuwa na maji, na kando yake majani ya chai kwenye karatasi na sukari kwenye kikombe, vyote vimepangwa tayari. Mama Wambo alisema, "Mwenzako alikuwa hapa amekaa tangu jana jioni mpaka leo asubuhi. Nikamuuliza unangoja nini, akasema anangoja mtu." Nilifikiri aliniachia vile vitu kama zawadi ya kuagana. Nilitumia majani yale wiki nzima.

Yaliyofuata ni maisha, na nimeshayasema. Langat alipata kazi kwenye ghala moja la nafaka pale Rongai, ya kupima magunia, na akaifanya mpaka mapafu yake yalipokataa vumbi. Hakuninunia hata siku moja. Aliniandikia barua mbili nikiwa chuoni na alinipigia simu Krismasi kadhaa nikiwa ng'ambo. Kila mara mwisho alisema, "Ukija tutakunywa chai," na mimi nilisikia kile ambacho kila Mkenya husikia akiambiwa hivyo, salamu tu za kukaribishana. Niliporudi, alikuja Lanet kuona nyumba. Nilimzungusha vyumba vyote. Nilimwonyesha jokofu kubwa na mashine ya kukamua juisi, nikamwekea glasi ya pasheni yenye barafu, sahani ya kuku, korosho. Alikaa mkononi mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. "Hakuna chai hapa?" akauliza. Nikacheka. "Chai tuliinywa Rhonda ikatosha, bwana. Hapa kunywa kitu kizuri." Akainua glasi akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, vile alivyokuwa akiiangalia ile kalamu. "Sawa," akasema. "Iko siku." Alikuja mara ya pili, miaka miwili baadaye, amekonda. Msichana wa kazi akamuuliza anywe nini. Kabla hajajibu, nikasema aletewe juisi.

Sasa nina daftari la tatu mbele yangu, ukurasa wa mchezo wa kantini. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma diploma yangu. Upande wake, kwenye hatua ya kumi na moja, malkia anakula b2, na kando yake alama ya kuuliza. Kwa bluu, mwandiko wa kijana, ulioandikwa nikiwa ninakula nyama: "Namwona farasi. Dunga haachi askari wazi, amesoma ukurasa wa 31. Pale kuna mafuta ya mandazi tangu Jumatatu. Ningebadilisha mchezo wangu. Sikutaka. Nataka nione kama ataufunga mlango." Nikageuza nyuma hadi ukurasa wa thelathini na moja. Doa lipo, duara la manjano ukubwa wa kidole gumba. Niliinua mkono wangu nikaulinganisha nalo, mtu mzima mwenye wajukuu. Chini ya ile bluu kuna nyekundu, na mwandiko wake si wa kijana tena, ni wa mikono iliyopima magunia: "Kosa si kumla askari. Kosa langu ni kumpa rafiki mtihani bila kumwambia kwamba ni mtihani." Hakuna zaidi. Mtu alikaa na hatua ile miaka yote, akairudia, akatafuta kosa, akaliona kwake. Kisha, chini kabisa, kwa bluu ileile ya siku ya kwanza: "Chai haikuchemshwa." Na upande wangu wa ukurasa, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, namba zangu na kando yake weupe. Hata a4 hakuipa alama. Nilitafuta tusi kama nilivyotafuta jina langu zamani. Ningejua la kufanya na tusi.

Jumamosi nilirudi Rongai. Nilikuwa nimepanga kila kitu njiani. Nilimkuta Mama Faith jikoni, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Leo nataka nichemshe chai mimi." Aligeuka na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akicheka. "Wewe? Kwa jikoni yangu? Shemeji, majirani wakisikia Engineer amekuja kupikia mjane watasema nini? Toka huko, kaa." Nikakaa kwenye kigoda karibu na meza ndogo, daftari mkononi. Nikamweleza sheria ya chai. Akasikiliza akipanga kuni. Nikamweleza habari ya nafasi moja na ile diploma. Halafu nikasema lile nililokuja kusema, nikiangalia kitambaa cha meza. "Nilisoma daftari lake. Bila ruhusa."

"Hata mimi nimelisoma," akasema. "Yaani nimekosea?"

"Wewe ni mke wake."

"Na wewe ulikuwa rafiki yake. Si mlikuwa mnalala chumba kimoja?"

"Nililisoma, nikaona anaposhindwa, nikamshinda kwa hilo."

"Si ndiyo kusoma? Faith alisoma akashinda wenzake, tukamchinjia kuku." Akaniangalia kama ananihurumia kidogo. Nikajaribu tena. Nikamwonyesha kwa vidole juu ya meza malkia alipoingia na farasi alipofunga, nikatumia kifuniko cha chumvi na kijiko. Nikamwambia hata wazo la vyumba vya baridi lilikuwa la mume wake. "Kila mtu hapa alikuwa anasema maziwa yanachacha," akasema. Nikamwambia nafasi ile ilikuwa yake. "Ilikuwa yake kivipi? Alishinda?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akainama kupuliza moto. Nilikuwa nimehutubia maelfu ya watu katika maisha yangu, na sasa nilikuwa na ungamo moja tu, na hakukuwa na namna ya kulifanya liingie mlangoni.

Maji yakaanza kuimba. Akatia maziwa, akatia majani, akasimama akitazama povu lipande. "Hayo ya farasi mimi sijui," akasema bila kugeuka. "Lakini hiyo chai. Kwa nini hukuchemsha?"

Nilikuwa na majibu mengi, nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, kulikuwa na fomu. Yote yalikuwa yale ya kalamu yangu ya zamani. "Kulikuwa na nyama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu chenye uzito unaoshikika. "Alingoja?"

"Mama mmoja wa ploti alisema alikaa mpaka siku ya pili."

"Ndiyo. Alingoja," akasema. "Namjua."

Akaepua sufuria, akachuja chai kwenye kikombe cha bati, akakifuta chini kwa kona ya leso, akaja kukiweka mbele yangu, upande wa kulia wa daftari. Kisha akabaki amesimama pale, mikono imekunjwa, akisubiri ninywe. Nikanywa. Ilikuwa ya moto na yenye sukari nyingi, kama ile ya Rhonda. Nikafungua ukurasa uliolegea, nikautandaza kwa kiganja mpaka upande mweupe ukalala sawasawa, nikamwomba kalamu.

"Ya rangi gani?" akauliza. "Alikuwa na mbili."

"Bluu," nikasema.